Jumba la Maajabu: Tukijenga, Tujenge la Mwaka Gani?

Ndugu msikilizaji, na wewe unayetusoma gazetini badala ya kutusikia redioni, juma hili naomba tuzungumzie nyumba moja tu. Iko Unguja, Mji Mkongwe, inatazama bahari pale Forodhani, na jina lake unalijua hata kama hujawahi kuvuka maji: Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi iliyoangukia Ijumaa, sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, huku kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walifariki dunia na wengine wakatolewa kwenye kifusi wakiwa hai.

Tangu siku ile nimesikia kauli moja ikirudiwa na wakubwa kwa wadogo, katika vikao na vijiweni, kwamba jumba lazima lirudishwe kama lilivyokuwa. Kauli nzuri, na mimi naiunga mkono. Lakini kazi yetu sisi watu wa redio ni kuuliza. Lilivyokuwa lini?

Nauliza hivyo kwa sababu mnara ule uliotuliza, ule uliochapwa kwenye kadi za posta, kalenda na fulana za watalii, haukuwa wa Sultani aliyelijenga jumba. Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi alipokufa mwaka 1888, hakuwahi kuuona. Angefufuka mwaka 2019 akashushwa bandarini, angeuliza nani amembandikia mnara kwenye kipaji cha nyumba yake.

Turudi nyuma kidogo, tena nyuma kuliko Barghash. Wenyeji husimulia kwamba mahali lilipo jumba ndipo ilipokuwa nyumba ya Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wa karne ya 17, ambaye alielewana na Wareno na kwa sababu hiyo akapelekwa uhamishoni Omani baada ya Wareno kushindwa. Jirani yake Wareno walikuwa na kanisa lao. Waarabu wa Omani walipoushika mji wakajenga ngome juu ya kiwanja cha kanisa hilo, nayo ndiyo Ngome Kongwe unayoiona leo ukiwa umeipa bahari mgongo. Kwa hiyo hata kabla ya jiwe la kwanza la jumba kuwekwa, ardhi ile ilikwisha zoea desturi moja: anayekuja hajengi pembeni mwa aliyetangulia, hujenga juu yake.

Sasa tuje kwa Barghash. Huyu alikuwa mtu wa kujenga. Ujanani aligombea kiti na nduguye Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, India, mwaka 1859. Huko aliona mji wa majumba makubwa, mabomba ya maji na mitaa yenye taa. Aliporudi na hatimaye kutawala, alikikuta kisiwa kikiwa na pesa ya karafuu na pembe za ndovu, ila mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu zake. Mwaka uliofuata Waingereza walimbana hadi akatia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kuzuia biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao. Mwaka 1875 alikwenda mwenyewe London. Alileta maji safi mjini kwa mabomba kutoka chemchemi, akajenga kasri la Maruhubi, la Chukwani na mengine. Na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib, nyumba isiyokuwa ya kulala hasa bali ya fahari, ya kupokelea wageni na kuwaonyesha mabalozi wa Ulaya kwamba Sultani wa Zanzibar naye ni mtu.

Hapa nakuomba utulie nami kidogo, maana ndipo maajabu yenyewe yalipo, wala si kwenye taa za umeme na lifti zinazosimuliwa kila siku.

Nyumba ya mawe ya Mswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ilitawaliwa na mti mmoja: boriti ya mkoko. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, imara. Lakini dari na sakafu ya juu vilibebwa na boriti, na boriti ya mkoko, ukiikata nzima na iliyonyooka, hubeba mzigo mzito kwa upana wa mita mbili na nusu, au tatu hivi. Basi vyumba vya watu wetu, tajiri kwa maskini, vilikuwa virefu na vyembamba. Ungeweza kuwa na majahazi kumi baharini na mashamba ya mikarafuu hadi Pemba, chumba chako kingepimwa na mti wa mkokoni. Ukitaka ukumbi mpana, usimamishe nguzo katikati au uwe na akili nyingine.

Barghash alikuwa na akili nyingine. Aliagiza chuma. Nguzo za chuma cha kusubu zikaja kwa meli kutoka Ulaya, zikapangwa kulizunguka jumba pande zote, ghorofa juu ya ghorofa, zikabeba roshani pana ambamo watu wangeweza kutembea wakiwa kivulini na kulizunguka jumba zima bila kugusa jua. Mihimili ya chuma ikabeba sakafu za zege. Mara boriti ikawa haina amri tena. Vyumba vikapanuka, dari zikapanda juu, katikati ukakaa ukumbi mkubwa wenye paa, unaozungukwa na roshani za ndani. Sakafu ikawa ya marumaru. Milango ikachongwa kwa mkono wa fundi wa kwetu, mikubwa kuliko yote mjini, mingine ikiwa na aya za Kurani zilizopakwa dhahabu. Yasemekana aliyechora ramani alikuwa Mwingereza, mhandisi wa mambo ya meli, na ukizitazama zile nguzo nyembamba na zile roshani unaweza kuamini kwamba mtu yule alikuwa akifikiria sitaha.

Waongozaji wa watalii hupenda kusema kwamba mlango mkuu ulifanywa mpana hivyo ili Sultani apite juu ya tembo. Maneno matamu hayo. Lakini tembo wa Unguja wa siku zile alikuwa ni meno tu, na meno hayo yalifika pwani mabegani mwa wapagazi. Tukitaka kusimulia habari ya tembo na jumba lile, tuanze na mabega hayo. Na karafuu nazo zilichumwa na mikono ya watumwa. Fahari ya jumba ililipwa kwa jasho hilo, na haifai tuipake rangi tukaificha.

Jumba halikusimama peke yake. Ubavuni mwake palikuwa na Beit al-Hukm, na mbele zaidi Beit al-Sahel, kasri ya zamani ya masultani. Majumba hayo yaliunganishwa kwa vivuko vilivyofunikwa, vilivyoning'inia juu ya ardhi, ili watu wa nyumbani, hasa wanawake, wapite toka jumba moja hadi jingine pasipo kuonekana na watu wa njiani. Na mbele, karibu na maji, ulisimama mnara peke yake, wenye saa na taa ya kuongoza vyombo. Naomba ukumbuke neno hilo: peke yake. Jumba la Barghash lilikuwa na uso ulionyooka, roshani kutoka pembe hadi pembe, na mnara wake ukasimama uwanjani kama mlinzi.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896.

Siku mbili kabla, Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki ghafla, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kasri na kujitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza. Waingereza wakampa hadi saa tatu asubuhi awe ameondoka na kushusha bendera. Hakuondoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kufyatua. Vitabu vya rekodi huviita vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika arobaini hivi, na wapo wanaocheka wakilisoma hilo. Katika dakika hizo watu kama 500 upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, aliyoinunua Barghash baada ya ile tufani, ilizama bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka mingi. Khalid alikimbilia kwenye ubalozi wa Wajerumani na baadaye akavushwa Dar es Salaam.

Na majumba? Beit al-Hukm likabomoka lisifae tena. Beit al-Sahel likaumia vibaya. Mnara wa uwanjani ukapigwa. Beit al-Ajaib, lenye mifupa ya chuma, likabaki limesimama.

Mwaka 1897, chini ya Sultani Hamoud ambaye Waingereza walimweka wenyewe, matengenezo yalifanyika. Kiwanja cha Beit al-Hukm kikaachwa kuwa bustani. Mnara wa uwanjani haukurudishwa pale ulipokuwa. Badala yake mnara mpya wa saa ulijengwa ukashikamanishwa na uso wa Beit al-Ajaib, katikati kabisa, ukipanda juu kupita paa. Yule mlinzi wa uwanjani akapandishwa kwenye kipaji cha nyumba. Sura tuliyoizoea wote, ile ya kwenye kadi za posta, ilizaliwa siku hiyo, kutokana na mizinga. Aliyeitazama mwaka 1900 alikuwa akitazama kovu, ingawa zuri.

Niliyoyasema mpaka hapa yametumia miaka kumi na minne tu, tangu 1883 hadi 1897. Yaliyofuata yalikuwa ya polepole zaidi. Mwaka 1911 jumba likafanywa ofisi za serikali. Kumbi za fahari zikajaa meza, mafaili na makarani, na mtu aliyekuwa na shida ya kiwanja au ya kazi akapanda ngazi ambazo zamani zilipandwa na mabalozi. Hali ikawa hivyo hadi uhuru wa Desemba 1963 na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Baada ya Mapinduzi jumba lilikuja kuwa chuo cha siasa na makumbusho ya Chama cha Afro-Shirazi, na Wakorea wa Kaskazini walisaidia katika kuyapanga. Wazee waliosoma pale watakwambia walikaa darasani chini ya milango ya Sultani wakifundishwa kwa nini masultani waliondolewa. Sioni ajabu ndani yake. Nyumba haichagui mwanafunzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mji ukiwa umekwisha ingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, jumba likafunguliwa kuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na Waswahili. Katikati ya ukumbi ule mpana, pale ambapo chuma kiliifukuza boriti, pakawekwa mtepe, chombo cha zamani cha pwani ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mimi nimewahi kusimama mbele ya mtepe ule na kinasa sauti changu, nikitafuta maneno ya kumwambia msikilizaji asiyeuona. Nilijikuta natazama kamba, kisha nguzo, kisha kamba tena. Kitu kilichoshonwa kwa mkono na kitu kilichosubiwa kiwandani, chini ya paa moja. Niliona kwamba palikuwa pahala pake hasa.

Lakini wakati sisi tunabadilisha vibao vya mlangoni, Sultani, Serikali, Chama, Makumbusho, kuna aliyekuwa akifanya kazi yake bila kubadilika. Huyo ni kutu.

Chuma ni maajabu yenye masharti. Ukikiweka mita chache kutoka baharini, upepo wa kaskazi na kusi utakiletea chumvi mwaka mzima. Maji ya mvua yakipenya paa lililotoboka yatakishukia. Na chuma kikishika kutu huvimba, kikivimba ndani ya zege au ndani ya ukuta hukipasua kilichokizunguka, ufa hualika maji mengine, na maji hualika kutu nyingine. Boriti ya mkoko ikichoka huinama na kukuonya. Utaiona dari imefanya tumbo, utamwita fundi. Chuma kilichofichwa ndani ya zege hakina adabu hiyo. Aidha kuna habari ya saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Ukiupiga lipu ya saruji umeufunga mdomo, na maji yaliyomo yatatafuta pengine pa kutokea.

Mzee mmoja, fundi wa chokaa ambaye nilizungumza naye Mji Mkongwe kwa ajili ya kipindi hiki, alinieleza kwa lugha yake. "Mwanangu, chokaa chataka subira. Uchome mawe, uyamwagie maji, uyawache yalale. Leo kila mtu ana mfuko wa saruji, anataka amalize kabla ya Ijumaa." Nikamuuliza kuhusu jumba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lile mbona likitwambia siku nyingi."

Na ni kweli lilikuwa likisema. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Jumba likafungwa kwa wageni. Mipango ikafanywa, Serikali ya Omani ikakubali kugharimia ukarabati, majukwaa ya mafundi yakasimamishwa. Kati ya kuanguka kwa roshani na kuanguka kwa mnara ilipita miaka minane. Sitaki kuingia katika suala la nani alikosea nini siku ile ya Krismasi. Hilo ni la wataalamu na tume. Lakini miaka minane ni mingi kwa nyumba yenye ufa, na familia mbili zilizozika watu wao zina haki ya kuuliza kuhusu miaka hiyo yote, siyo kuhusu siku moja tu.

Basi turudi kwenye swali letu. Tukijenga, tujenge la mwaka gani?

Wapo wanaosema lirudi la 1883, safi, bila mnara, kama alivyolitaka mwenyewe. Hoja ina mantiki yake, lakini itatufanya tufute vita vya 1896 na wale watu 500, tujifanye kana kwamba mizinga haikulia. Wapo wanaosema kwa sauti ya chini, na nimewasikia, kwa nini tujisumbue na nyumba ya Sultani, tena kwa fedha ya Omani. Acheni kifusi kiwe bustani kama ilivyokuwa kwa Beit al-Hukm. Hawa siwabezi. Machungu ya watu hayakarabatiwi kwa chokaa. Ila nawajibu kwamba jumba hilo limekuwa la Sultani kwa muda mfupi kuliko lilivyokuwa la makarani, wanafunzi na watoto wa shule waliokuja kuangalia mtepe. Hesabu mwenyewe: kutoka 1883 hadi 1911 ni miaka 28. Iliyobaki yote ni yetu.

Mimi, kama ningeulizwa, ningesema lirudi na mnara wake. Si kwa kuwa mnara ni mzuri, ingawa ni mzuri, bali kwa kuwa hapo ndipo mtu anaweza kuoneshwa kwa kidole: hapa jumba liliwahi kuwa na uso mwingine, hapa pakapita mizinga, hapa pakaanguka tena 2020. Ningetaka palipojengwa upya paonekane kuwa pamejengwa upya, pasipakwe rangi moja na pa zamani ili kumdanganya mgeni. Na ningetaka mawe na nguzo zilizotolewa kwenye kifusi ziandikwe nambari na kutunzwa, kila kilicho kizima kirudi mahali pake. Ramani ya ukarabati iwekwe mahali ambapo mwananchi wa Malindi au Ng'ambo anaweza kuingia akaitazama na kuuliza, kwani hadi leo habari za nyumba hii humfikia kupitia sisi waandishi, tena tayari kitu kikiwa kimeshaanguka.

Na nina swali moja dogo kwa watakaokabidhiwa funguo. Picha ya uzinduzi tutaipiga, utepe utakatwa, hotuba nitaileta hapa redioni na wewe utaisikia. Lakini zile nguzo zinataka kukwanguliwa kutu na kupakwa rangi, na paa linataka kukaguliwa kila kabla ya masika. Katika bajeti ya kila mwaka, kazi hiyo imeandikwa kwenye fungu gani, na fundi atakayeifanya ameajiriwa na nani?